Shamba juu ya mawe ya Nyiragongo

Mgeni akiona udongo mweusi wa volkano hapa Goma atasema hatuna haja ya mbolea. Sisi tunaopiga jembe Kibumba, Rugari na pembeni ya Sake tunajua habari nyingine. Udongo ni mzuri, lakini sehemu nyingi ni mwembamba: jembe halijazama, limegonga jiwe. Na maharagi yanabaki mafupi, majani kijani kizito, maua machache.

Shida moja kubwa ni fosforasi. Iko ndani ya udongo, lakini udongo wa volkano unaishika kwa nguvu na mizizi inashindwa kuivuta. Hata mbolea ya dukani ukiimwaga kotekote, sehemu kubwa inashikwa vilevile, na franga zako zinalala chini. Mbolea ya lundo iliyoiva inaleta chakula chake yenyewe, tena inapunguza nguvu ya udongo ya kuishika fosforasi. Kwa hiyo iweke ndani ya shimo la mbegu, konzi mbili. Mwenye kupata kidogo ya dukani aiongeze humohumo, ila aifunike na udongo ili isiguse mbegu.

Lakini samadi itoke wapi? Wengi walikimbia vita wakarudi bila ngombe. Basi tuanze na kilichopo: mabua, maganda ya maharagi, majivu, mavi ya mbuzi na ya dende. Pia titonia, yale maua ya njano ya kando ya barabara. Kilo 100 za majani yake makavu zina karibu kilo 3.5 za nitrojeni na 4 za potasiamu. Fosforasi haifiki hata nusu kilo, kwa hiyo peke yake haitoshi. Migomba yenye ugonjwa wa mnyauko, ule ulioonekana Masisi tangu 2001, usiitie. Takataka za soko ni nzuri, lakini toa kwanza sashe na betri za tochi.

Kuchimba shimo kwenye mawe ni kujitesa. Jenga lundo juu ya ardhi, kivulini, na ulifunike na majani ya migomba. Maji kwetu ni ya kubeba na bidoni, kwa hiyo lundo la msimu A lianze mwisho wa Mei, mvua ingali iko. Chomeka fimbo katikati. Baada ya siku chache ikitoka baridi na kavu, ongeza maji na majani mabichi. Geuza kila wiki tatu. Baada ya miezi mitatu hivi litanuka kama udongo wa msituni. Likinuka mavi bado, ngojea. Samadi mbichi inaunguza mbegu na kuleta majani mabaya.

Mistari miwili uiache bila mbolea. Maharagi yakitoa maua, chimbua mche mmoja kila upande, pasua vile vinundu vya mizizi. Vikiwa vyekundu ndani, vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe ama kijani, havifanyi kazi. Leta miche yote miwili kwenye mkutano wa koperative.