Kesi Imefutwa, Alama za Vidole Zimebaki

Tuseme kijana mmoja wa kijijini nchini Kenya ameshtakiwa kwamba ameiba mbuzi wa jirani. Akawekwa mahabusu, akapigwa picha, akachukuliwa alama za vidole. Kabla shahidi yeyote hajasema neno, yule mbuzi akaonekana. Kiongozi wa mashtaka akasimama, akaiondoa kesi. Nyumbani kukawa na furaha, kuku akachinjwa.

Miaka miwili baadaye kijana akapata kazi mjini, akatakiwa kuleta cheti cha tabia njema cha polisi. Lo! Cheti kikaja kimeandikwa ile kesi ya mbuzi. Mama akauliza: “Mbona hakimu alikuachilia?”

Ndiyo, mama, aliachiliwa. Lakini yafaa tujue kuachiliwa kwa namna gani, maana si kesi zote huisha namna moja. Sheria ya Kenya ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 87, yasema hivi: kesi ikiondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, huachiliwa tu, na aweza kushtakiwa tena kwa jambo lile lile. Ikiondolewa baada ya kuitwa kujitetea, huhesabiwa hana hatia. Vivyo hivyo hakimu akiona, baada ya mashahidi wa mashtaka, kwamba hakuna kesi ya kujibu. Mtu wa namna hii Katiba ya mwaka 2010 yakataza asishtakiwe tena kwa tendo hilo.

Na zile alama za vidole je? Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, kifungu cha 55, yajibu. Mtu ambaye hajapata kuhukumiwa kwa kosa lolote, kisha korti ikamwachilia au ikamwona hana hatia, au hakushtakiwa kabisa, alama zake na picha zake zapaswa kuharibiwa au kukabidhiwa mwenyewe. Aliyekwisha hukumiwa zamani hana nafasi hiyo. Tena kifungu hiki chahusu kumbukumbu za polisi. Hakisemi jalada la korti lichomwe.

Basi mbona jina la kijana lilibaki? Korti ina daftari lake, na polisi wana lao. Neno la hakimu halitembei lenyewe mpaka ofisi ya upelelezi. Yapasa mtu alipeleke.

Afanyeje? Kwanza aende kwa karani wa korti, akiwa na namba ya kesi, aombe nakala ya uamuzi yenye muhuri. Pili, aandike barua kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, aambatanishe nakala hiyo, aombe kumbukumbu zake ziondolewe. Naye abaki na nakala ya barua. Wakikataa au wakinyamaza, Katiba, kifungu cha 35, yampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli, au zenye kupotosha, zinazomdhuru. Kwa haki hiyo aweza kwenda Mahakama Kuu. Asimpe mtu chai ili afutiwe jina kwa siri. Hilo ni kosa jipya, nalo ni la kweli.

Wazazi, usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku kesi ya mtoto wenu inapokwisha, msirudi nyumbani kuchinja kuku kabla hamjaomba ile karatasi yenye muhuri.