Usanifu majengo: Safari ndefu kutoka kadibodi hadi jiwe la Ndarugo

MSAFIRI atokaye mjini Thika kwa barabara kuu ya kuelekea Garissa huona mandhari yakibadilika upesi. Majengo ya viwanda huachwa nyuma, ardhi huzidi kuwa kavu, na mlima Kilimambogo, ambao pia huitwa Ol Donyo Sabuk, huanza kutawala upeo wa macho.

Huko ndiko iliko Ngoliba, wadi ya eneobunge la Thika Mjini katika Kaunti ya Kiambu, inayopakana na Kaunti ya Machakos.

Tangu upanuzi wa barabara kuu ya Thika ukamilike mwaka wa 2012, ujenzi umeenea kwa kasi kutoka Ruiru na Juja hadi viungani mwa Thika. Mashamba yamekatwa ploti, na penye ploti hufuata nyumba. Nyingi ya nyumba hizo hazijawahi kupitia mikononi mwa msanifu majengo. Mwenye kiwanja huelewana na fundi, huiga ramani ya jirani, na kazi huanza.

Hali hii huibua swali ambalo wazazi wengi hujiuliza mwana wao anapochaguliwa kusomea taaluma hii: Je, mwanafunzi wa usanifu majengo hufunzwa nini kwa muda mrefu hivyo, na elimu hiyo ina faida gani kwa mkazi wa mahali kama Ngoliba?

Vyuo vyenyewe haviko mbali. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kiko Juja, baina ya Ruiru na Thika. Kilianza 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani na kikawa chuo kikuu kamili 1994. Usanifu majengo ni mojawapo ya taaluma zinazofunzwa humo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina historia ndefu zaidi katika fani hii, kwani mafunzo yake yana mizizi katika Royal Technical College iliyofunguliwa 1956.

Kozi huchukua miaka mitano au sita, kutegemea chuo. Sababu ya urefu huo ni kwamba sehemu kubwa ya elimu hii hupatikana kwa kutenda. Mwanafunzi hupewa mradi, huchora, hujenga kielelezo kidogo cha kadibodi, kisha husimama mbele ya jopo la wahadhiri kutetea kila mstari alioweka. Jopo likipata kasoro, kazi ya majuma kadhaa hurudiwa.

Mwaka wa kwanza huwa wa kufunza mkono na jicho. Mwanafunzi huchora kwa penseli vitu vya kawaida kama vile kiti, mti au ngazi, na hujifunza kupima mwili wa binadamu: mkono hufikia wapi, mlango uwe na upana gani, kidato cha ngazi kiwe na kimo gani. Miradi ya awali ni midogo, kama kibanda cha kupumzikia au kituo cha matatu.

Baadaye hufuata nyumba ya familia moja, kisha shule, zahanati au soko, halafu mitaa mizima ya makazi. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi huchagua suala lake mwenyewe, akalifanyia utafiti na kulisanifia jengo kamili.

Ni katika safari hii ambapo mapendeleo ya mwanafunzi hubadilika. Wengi huingia chuoni wakivutiwa na maghorofa ya vioo waliyoyaona Nairobi. Aghalabu huanza kwa kujali sura ya jengo, kisha hutambua jua na upepo, halafu watumiaji, na hatimaye gharama, sheria na usalama.

Mfano wa zahanati

Chukua mfano wa mwanafunzi aliyeagizwa kusanifu zahanati ya Ngoliba. Jambo la kwanza atakalochunguza ni jua. Eneo la Thika liko takriban digrii moja kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua la saa sita mchana hupita karibu na utosi mwezi wa Machi na Septemba, huinamia kaskazini mwezi wa Juni, na kusini mwezi wa Desemba.

Kuta za kaskazini na kusini ni rahisi kukingwa, kwani upenu wa paa hutosha kuzitia kivulini. Taabu iko mashariki na magharibi, ambako jua la asubuhi na la alasiri huja likiwa chini na kupenya moja kwa moja madirishani. Mwanafunzi makini ataulaza urefu wa jengo kutoka mashariki hadi magharibi, aweke madirisha kaskazini na kusini, na kuziacha kuta za ncha mbili zikiwa na matundu machache. Uamuzi huo haumgharimu mwenye jengo hata shilingi moja, lakini hupunguza joto kwa muda wote wa uhai wa jengo.

Pili ni hewa. Zahanati hupokea wagonjwa wa kifua kikuu na maradhi mengine yanayosambaa hewani. Madirisha yakiwekwa pande mbili zinazotazamana, upepo huingia huku ukitokea kule, na hewa chafu haikai. Baraza pana lenye kivuli laweza kuwa mahali pa kungojea daktari, badala ya chumba kilichofungwa.

Tatu ni maji. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya paa la mita 100 za mraba huleta lita 100. Mvua ya milimita 25, hata robo yake ikipotea, itaacha karibu lita 1,900 tangini. Katika eneo kavu, ukubwa wa paa, mwelekeo wa mifereji na mahali pa tangi ni mambo ya kuamuliwa tangu mchoro wa kwanza.

Nne ni mgonjwa asiyeweza kupanda ngazi. Kanuni inayofahamika kote ulimwenguni ni kwamba njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu iwe na urefu usiopungua mara 12 ya kimo chake. Sakafu ikiinuliwa sentimita 60 kutoka ardhini, mteremko wahitaji mita 7.2. Asiyefanya hesabu hiyo mapema hugundua baadaye kwamba nafasi haipo.

Tano ni vifaa. Kati ya Juja na Thika kuna machimbo ya Ndarugo, ambayo jiwe lake la kuchongwa kwa mashine hujulikana na mafundi kote katika eneo la Nairobi. Jiwe hilo halihitaji plasta kwa nje, na gharama ya kulisafirisha hadi Ngoliba ni nafuu kuliko ya kuta za vioo na alumini.

Hata hivyo, kabla ya jiwe kuna ardhi. Sehemu za Ruiru, Juja na viungani mwa Thika zina udongo mweusi unaofura wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Msingi uliowekwa juu yake bila kuchimbwa hadi kwenye ardhi ngumu hupasua kuta. Hapa ndipo mwanafunzi hutambua kwamba hawezi kufanya kazi pekee yake bila mhandisi wa miundo.

Michoro iliyozaa matunda

Wapo wanaodhani kwamba michoro ya wanafunzi huishia kabatini. Mfano wa Francis Kéré wa Burkina Faso wathibitisha vingine. Alipokuwa angali mwanafunzi jijini Berlin, Ujerumani, Kéré alisanifu shule ya msingi ya kijiji chake cha Gando na kuchangisha pesa za kuijenga. Ilikamilika 2001, kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, na paa la bati lililoinuliwa juu ya dari ili hewa moto itoroke. Wanakijiji wenyewe walishiriki ujenzi.

Shule hiyo ilishinda tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo mwaka wa 2004, na 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Pritzker, iliyo kuu zaidi katika taaluma hii. Nchini Kenya, kazi yake imo Turkana, ambako kituo cha mafunzo ya teknolojia kilichokamilika 2021 kina minara ya kutoa joto inayofanana na vichuguu vya mchwa.

Kenya yenyewe ina mifano. Jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi, lililokamilika 1973, lilisanifiwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway akishirikiana na David Mutiso, mmoja wa Wakenya Waafrika wa kwanza kuwa wasanifu majengo.

Katika miaka ya 1970, Usam Ghaidan aliuchunguza na kuuchora mji wa Lamu, nyumba zake za kuta nene za matumbawe na vichochoro vyake vyembamba vyenye kivuli. Kazi ya aina hiyo ilisaidia juhudi za kuuhifadhi mji huo, ambao uliorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya ulimwengu mwaka wa 2001. Kuchora kilichopo, kama anavyofanya mwanafunzi anayepima nyumba ya zamani kwa futi, ni elimu sawa na kubuni kipya.

Sheria na usalama

Ikumbukwe kuwa shahada pekee haimfanyi mtu kuwa msanifu majengo kisheria. Sheria ya Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, Sura ya 525, ambayo asili yake ni ya 1934, humtaka mhitimu afanye kazi chini ya mtaalamu aliyesajiliwa, kisha afaulu mitihani ya bodi ya usajili, BORAQS. Anayejiita msanifu majengo bila usajili huo huvunja sheria.

Masharti haya yana sababu. Mnamo Aprili 2016, jumba la ghorofa kadhaa liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, na kuua zaidi ya watu 40. Novemba 2022, jumba jingine liliporomoka Ruaka, katika Kaunti ya Kiambu. Kwa miongo mingi ujenzi nchini uliongozwa na kanuni za 1968, ambazo wataalamu walilalamika kuwa zimepitwa na wakati, hadi Kanuni mpya ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2024 ilipoletwa.

Kanuni, hata hivyo, hazijengi nyumba. Mwenye ploti ambaye hamwezi msanifu kwa jengo zima bado aweza kumlipa mtaalamu aliyesajiliwa kwa ushauri kuhusu mwelekeo wa jengo na kwa ramani iliyoidhinishwa na kaunti, na kumtaka mhandisi akague udongo kabla ya msingi kuchimbwa. Gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya kuziba nyufa kila baada ya masika.

Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne anayeitamani taaluma hii, Hisabati na Fizikia ni muhimu, na mkono wenye mazoea ya kuchora ni msaada mkubwa. Kwa mzazi, ni vyema kujua kwamba karatasi, kadibodi, uchapishaji wa michoro na tarakilishi yenye nguvu ni gharama zinazoongezeka juu ya karo, na kwamba usiku mwingi wa kukesha ni sehemu ya masomo.

Faida yake kwa jamii itategemea ni wangapi kati ya vijana hao watakaoona kwamba zahanati, soko au nyumba ya vyumba viwili pale Ngoliba inastahili fikira zile zile wanazoziweka katika ghorofa za jijini.