Kwa Nini Pesa ya Dawa Haikai?

Ni mama gani asiyejua kwamba chandarua humkinga mtoto na malaria? Karibu sote twajua. Hata hivyo miezi hupita, chandarua hakijanunuliwa, na usiku mmoja mtoto anachemka kwa homa. Asubuhi mama anauza kuku au kukopa kwa jirani, na gharama yapita bei ya chandarua. Ndivyo ugonjwa uletavyo umaskini, na umaskini nao huufungulia ugonjwa mlango.

Mmoja wa waliochunguza sana jambo hili ni Pascaline Dupas, mtaalamu wa uchumi kutoka Ufaransa ambaye sasa anafundisha katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Utafiti wake mwingi aliufanya magharibi mwa Kenya.

Shilingi 40 tu

Wengi walidhani kwamba kitu cha bure hakithaminiwi. Dupas na mwenzake Jessica Cohen waliamua kupima. Baadhi ya kliniki za wajawazito zilitoa vyandarua bure, na nyingine ziliviuza kwa bei nafuu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Bei ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40 hivi za Kenya, kati ya kila akina mama 100, wapatao 60 zaidi waliondoka bila chandarua. Tena, waliopewa bure hawakuonekana kukitumia kidogo kuliko walionunua. Kwa hiyo, mama asiye na chandarua si lazima awe mzembe. Pengine zile shilingi 40 hazikuwapo.

Kisanduku chenye kufuli

Je, mwenye kipato kidogo anaweza kuweka akiba? Dupas na Jonathan Robinson waliviendea vikundi 113 vya upatu, vile ambavyo wanachama huchanga na kupokea kwa zamu. Wanachama walihimizwa kuweka akiba kwa ajili ya afya. Baadhi yao walipewa pia kisanduku cha chuma chenye kufuli na ufunguo, pamoja na kijitabu cha kuandikia akiba, wakataja kitu wanachokusudia kununua.

Baada ya mwaka mmoja, wenye visanduku walikuwa wametumia kwa kinga ya afya kiasi kilichozidi kile cha wenzao kwa asilimia 66 au zaidi. Sababu si ngumu kuielewa. Pesa iliyofungwa kwenye pindo la kanga ni ya kila mwenye shida: shemeji ana safari, jirani hana sukari. Pesa iliyokwisha kupewa kazi yake ni rahisi kuikatalia, hata ukiwa wewe mwenyewe ndiye unayeitamani.

Lakini wengine walipewa kisanduku ambacho ufunguo wake ulikaa kwa watafiti mpaka lengo litimie. Kwa wastani hicho hakikuongeza kinga. Watu waliogopa kufungia pesa ambayo ingehitajika mtoto akiugua ghafla.

Waliofanya vizuri zaidi katika kununua vifaa vya kinga ni wale waliochanga mfuko wa pili ndani ya kikundi chao, kila mmoja akipokea kwa zamu yake kwa ajili ya afya. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 2013.

Nyumbani kwako

Mama msomaji, zungumza na mume wako jioni moja mkiwa wametulia watoto. Tajeni jambo moja la afya ambalo nyumba yenu inalihitaji, kisha litengeeni kisanduku au kopo. Ufunguo na ubaki nyumbani, nanyi nyote wawili mjue ni pesa ya nini. Kama una kikundi, pendekeza mchango mdogo wa afya kando ya ule wa kawaida.

Na ukimwona jirani ambaye watoto wake wanalala bila chandarua, usiharakishe kumhukumu. Mkaribishe kikundini.