Je, Wajua? Kitunguu, Paka na Bakteria Wanaohama Vifua

Alianzia kwenye vitunguu
Mwaka 1950, Walter Burkholder, bingwa wa magonjwa ya mimea huko New York, alimweleza bakteria anayeozesha vitunguu maji. Kufikia miaka ya 1980, ukoo wa bakteria huyo ulikuwa umewatia hofu wagonjwa wa sistiki fibrosisi, maradhi ya kurithi yanayoyajaza mapafu makohozi mazito. Mwenye afya njema kwa kawaida hadhuriki naye. Wagonjwa hao anaweza kuwaua.

Kikoi cha maabara
Swali likawa: nani kamwambukiza nani? DNA ya bakteria hukatwakatwa kwa vimeng'enya, vipande vikasukumwa kwa umeme ndani ya jeli, navyo hujipanga michirizi kama ya kikoi. Michirizi ya wagonjwa wawili ikilandana, ama wameambukizana au wamechota kisima kimoja.

Liverpool yashtuka
Madaktari wengi waliamini kila mgonjwa hujiokotea majini au udongoni Pseudomonas wake, bakteria mwingine anayeyavamia mapafu haya. Mwaka 1996 ikaja habari ya kliniki moja ya watoto mjini Liverpool: watoto zaidi ya 50 walikuwa na aina moja ileile! Tena ilikuwa haisikii seftazidimu, dawa iliyotegemewa.

Hata paka
Aina hiyo ya Liverpool haikuishia kwa wagonjwa. Mwaka 2002 iliripotiwa kwa jamaa wa mgonjwa, watu wasio na sistiki fibrosisi kabisa, na mwaka 2008 kwa paka aliyefugwa na mgonjwa. Bila kupima vinasaba, nani angemshuku paka?

Marafiki wa mbali
Kambi za likizo za watoto wenye maradhi haya, zilizopendwa mno, zilifungwa baada ya vipimo kuonyesha kwamba huko ndiko walikoambukizana. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 unawataka wagonjwa wakae umbali wa futi 6, miaka kadhaa kabla ya Uviko kutufundisha sisi wengine. Anayekuelewa kuliko wote ndiye usiyeruhusiwa kumkumbatia.

Herufi kwa herufi
Siku hizi husomwa jenomu nzima, yaani DNA yote ya bakteria. Mwaka 2016 watafiti walilinganisha Mycobacterium abscessus, ndugu wa bakteria wa kifua kikuu, kutoka kwa wagonjwa 517. Wengi walibeba aina chache zilizokaribiana ajabu, zilizoenea Ulaya, Marekani na Australia. Vinavyoshukiwa kuwasafirisha bakteria hao ni vitone vinavyoelea hewani baada ya kikohozi, na vitu vilivyoguswa.