Kochi la Bure Apewe Nani?

Tarehe 1 Mei 2003, katika mji wa Tucson jimboni Arizona, Deron Beal aliwaandikia barua pepe marafiki zake 30 au 40 hivi, pamoja na mashirika machache ya hisani. Alikuwa kwenye shirika dogo lililokusanya taka za kurejelezwa kutoka maduka na ofisi za katikati ya mji, na kila mara waliletewa vitu visivyo taka hata kidogo: meza nzima, viti vizima, vitu ambavyo wenyewe wamevichoka tu. Beal akawa anazunguka na kupiga simu kutafuta wa kuvichukua. Barua ile ilikusudiwa kumpunguzia mizunguko hiyo, na kulipunguzia jangwa la Tucson majalala. Ndiyo iliyozaa Freecycle, mtandao ulioenea nchi nyingi, kila mji na kikundi chake, wenye sharti moja lisilojadiliwa: kinachotolewa ni bure. Hakuna kuuza, hakuna kubadilishana.

Sharti hilo linaonekana jepesi mpaka uangalie bei huwa inafanya kazi gani. Bei humlipa mwenye mali, hilo kila mtu analijua. Lakini pia huchuja. Kochi likiuzwa, wengi wanaolitamani hugeuka wenyewe wakisikia kiasi, na anayebaki ndiye mnunuzi. Muuzaji hana haja ya kumjua wala kumpima. Likitangazwa bure, wote wanabaki. Watu ishirini wanaandika "nalitaka mimi", kochi ni moja, na sasa lazima mtu aamue. Nadhani ugumu wote wa kugawa vitu bure uko hapa, wala si katika kuwapata watoaji. Wahenga walisema kutoa ni moyo. Moyo huo hausemi ni nani kati ya hao ishirini aondoke na kochi.

Njia rahisi ni kumpa wa kwanza kujibu. Inafanana na haki kwa kuwa haimwangalii mtu usoni, ila ina upendeleo wake: humpa mwenye simu mkononi saa zote na gari mlangoni. Muuguzi wa zamu ataliona tangazo jioni, kochi limeshaondoka. Mchuuzi, ambaye kuvizia matangazo ndiyo kazi yake, atawahi kila siku. Suala la wachuuzi huzua ugomvi usiokwisha: wapo wanaosema kitu kikishatolewa kimetolewa, aliyepewa ana hiari ya kukiuza; wengine huona wametapeliwa. Mimi niko na wale wa kwanza. Kama shabaha ni kochi lisiishie jalalani, mchuuzi naye kaliokoa.

Kuna na wale wasiotokea. Mtu anaahidi kuja Jumamosi saa nne, mwenye kochi anashinda nyumbani akimngoja, na mtu huyo hapigi simu wala haji. Aliyetoa arubuni huja. Asiyeweka chochote hana hasara akighairi. Ndiyo maana watoaji wazoefu hutaja siku ya mwisho, na humweka mtu wa akiba.

Mwaka 2013, kwenye kisiwa cha Bainbridge karibu na Seattle, Rebecca Rockefeller na Liesl Clark walianzisha Buy Nothing wakiwa na shabaha nyingine. Walikuwa wamekerwa na plastiki iliyojaa ufukweni kwao, na Clark, mtengenezaji filamu, alikuwa ameishi na wanakijiji wa milimani Nepal wanaogawana walicho nacho. Kwao kochi lilikuwa kisingizio. Walichotaka ni majirani wajuane. Kwa hiyo walimhimiza mtoaji asimkimbilie wa kwanza, bali aache tangazo likae, asome watu wanavyojieleza, kisha achague apendavyo. Mtu aliruhusiwa kikundi kimoja tu, cha mtaa anaoishi, na kikundi kikinenepa kiligawanywa.

Ujirani ulipatikana, na matatizo yake yakaja nao. Anayejua kujieleza humshinda mwenye shida kubwa asiyetaka mtaa mzima uijue. Na katika miji ambako matajiri na maskini wanaishi mbalimbali, mipaka ile ilifanya baiskeli nzuri za watoto zizunguke kati ya wenye nazo tu. Lawama hizo zilisemwa waziwazi, na masharti yakaja kulegezwa.

Kwetu Dar es Salaam, swali la nani apewe aghalabu huwa limejibiwa kabla kitu hakijatoka chumbani. Godoro la zamani lina mwenyewe: dada wa kazi anayejiandaa kurudi kwao, mlinzi, binamu aliyepanga chumba juzi, la sivyo litapakiwa kwenye basi liende kwa shangazi. Kisicho na wa kupewa kina wa kununua, kwani mwenye mkokoteni wa vyuma chakavu habagui, hata friji iliyokufa ina bei yake.

Utaratibu wetu hauna foleni ya watu ishirini, ila una deni. Mlinzi aliyepewa godoro atapata tabu kukataa kuosha gari Jumapili, na binamu atakumbushwa godoro hilo siku ya ugomvi wa kifamilia. Asiye na ndugu mjini wala bosi wa kumgawia hafikiwi na kitu. Hapo ndipo ninapouona ubora wa mpango wa Tucson, ambao hausifiwi sana kwa hilo: mpokeaji anabeba kochi, anasema ahsante, na hadaiwi tena.

Mwenye kutaka kuujaribu kupitia kundi la WhatsApp la mtaa au la ghorofa analoishi aandike mapema hali ya kitu, vipimo vyake, kiko ghorofa ya ngapi, mwisho lini, na atachagua vipi. Ajue pia kwamba usafiri si wa bure. Kochi la Mbezi Beach likitakiwa Mbagala, kirikuu huenda ikadai hela ambayo ingemtosha mtu kununua kochi la mtumba huko huko Mbagala. Kwa vitu vizito kundi la mtaa mmoja linafaa kuliko la jiji zima. Nguo, vitabu na vyombo vinaweza kwenda mbali, kwa sababu vinapanda daladala.