Unauza matairi au spea za Land Rover ya zamani? Uliza haya kabla hujapokea hela

Mimi elimu yangu ni form four, mambo ya gari nimejifunza kwa kukaa na mafundi gereji. Nauza spea za Land Rover Series, zile za 1948 mpaka 1985.

Lalamiko tunalolijua wote ni hili: "Tairi zako feki, nimefunga juzi tu zimeisha." Mara nyingi tairi halina kosa. Gari ndiyo inalila, kwa sababu alaimenti imekaa vibaya. Usipolijua hili utarudisha hela, utabaki na tairi bovu, na jina la duka litachafuka.

Alaimenti ni matairi kuelekea yanakotakiwa. Kwenye Land Rover Series, eksel ya mbele ni moja nzima, na kipimo unachoweza kurekebisha ni kimoja: matairi ya mbele yanatazamana kiasi gani. Umbali kati yao kwa mbele unatakiwa uwe mdogo kuliko wa nyuma kwa milimita 1.2 mpaka 2.4. Gari ikitembea, barabara inayasukuma yafunguke kidogo, ndipo yanakaa sambamba. Yakizidi au yakipungua, yanaburuzwa kwa upande huku yanazunguka. Hapo ndipo raba inaisha.

Kwa hiyo mteja akiagiza matairi, mwombe vitu viwili.

1. Picha za matairi ya mbele yanayotoka. Zisome hivi:
- Kingo zote mbili zimeliwa, katikati pamebaki: mara nyingi upepo ulikuwa mdogo.
- Katikati pameliwa: upepo ulizidi.
- Kingo za nje za matairi yote mawili zimeliwa: yametazamana kupita kiasi.
- Kingo za ndani za yote mawili: yamefungukia nje.

2. Video fupi. Gari iwe imesimama chini, mtu mmoja atikise usukani kushoto na kulia, mwingine arekodi tairodi. Kichwa cha tairodi kikicheza kabla tairi halijasogea, kimekwisha. Beringi za magurudumu nazo zikaguliwe.

Hiyo video ina kazi kubwa. Alaimenti ikifanywa juu ya tairodi inayocheza, ni hela ya bure. Fundi atapata kipimo kizuri gari ikiwa imesimama, lakini ikianza kutembea matairi yanaenda yanakotaka. Na sio raba tu, usukani unaolegea ni hatari kwa waliomo ndani. Mpangilio ni huu: tairodi na beringi kwanza, kisha matairi na upepo sawa kushoto na kulia, alaimenti mwisho.

Mteja aliye mbali na mashine anaweza kupima kwa futi na chaki. Gari iwe sehemu tambarare, usukani umenyooka, isukumwe mbele kidogo. Achore alama katikati ya kila tairi la mbele, kwa upande wa mbele, usawa wa katikati ya gurudumu, apime kutoka alama mpaka alama. Kisha asukume gari mbele mpaka alama zilezile zifike nyuma kwa usawa uleule, apime tena. Kipimo cha nyuma atoe cha mbele, apate ile milimita 1.2 mpaka 2.4. Kama haipo, fundi analegeza klampu za tairodi, anaizungusha kidogo kidogo, anakaza, anapima tena.

Jambo lingine: mteja akiambiwa alipie kurekebisha mlalo wa matairi kwenye gari hii, mwambie aulize kinarekebishwa nini. Hakuna nati ya kazi hiyo. Mlalo ukiwa mbaya, kuna kitu kimepinda au kimekwisha, na dawa yake ni kukibadilisha.

Ukiuliza haya utauza kwa haki. Mwenye tairodi mbovu utamuuzia tairodi kwanza, na matairi yake yatadumu. Mwenye tatizo la upepo mwambie ajaze upepo, hata kama hanunui kitu siku hiyo. Huyo atarudi, na atakuja na mwenzake.

Hifadhi posti hii, na picha za mteja zitunze pamoja na oda yake. Siku akilalamika, mtakuwa na pa kuanzia mazungumzo.