Kuzibua si Kutoboa: Kauli ya Kutendua katika Ukarabati wa Kabureta

1. Utangulizi

Makambako ni njia panda. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hukutana na ile iendayo Njombe na Songea. Kwa miongo mingi magari yamepita hapo yakiwa na vipuri vyake pamoja na majina ya vipuri hivyo, na gereji za Makambako na Njombe, miji iliyotengana kwa kilometa zipatazo 60, zimeyapokea yote mawili. Kabureta, plagi, gasketi, jeti na skrubu ni maneno ya mkopo. Mtu akiyahesabu haya peke yake atadhani kwamba lugha ya fundi ni Kiingereza kilichovikwa irabu.

Mhadhara huu unatoa hoja tofauti: majina yamekopwa, lakini kazi yenyewe husemwa kwa vitenzi vya Kiswahili, na miongoni mwa hivyo vitenzi vya kauli ya kutendua ndivyo vyenye uzito mkubwa. Mfano unaotumika ni ukarabati wa kabureta ya Zenith 36 IV, iliyofungwa katika Land Rover Series III za petroli, magari yaliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985.

2. Kabureta na hewa ya nyanda za juu

Kabureta huchanganya petroli na hewa kabla ya mchanganyiko huo kuingia katika silinda. Hewa ivutwayo na pistoni hupita katika koo jembamba. Hapo mwendo wake huongezeka na shinikizo lake hupungua, ndipo petroli hufyonzwa kutoka katika kibakuli kupitia jeti, yaani kipande kidogo cha shaba chenye tundu lililopimwa. Kina cha petroli kibakulini hulindwa na boya: likipanda huisukuma sindano, nayo hufunga mlango wa petroli. Kwa uzito, sehemu moja ya petroli huhitaji sehemu zipatazo 14.7 za hewa ili iungue yote.

Njombe iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,900, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 20. Jeti iliyopimwa kwa hewa ya pwani hutoa petroli nyingi kupita hewa iliyopo. Plagi hujaa masizi, na fundi husema gari linakula mafuta, halivuti mlimani, au linamisi. Katika semi hizo tatu, ni kitenzi kimoja tu kilichotoka Kiingereza. Nacho hakikupewa irabu -a mwishoni, bali kimejiunga na vitenzi vya mkopo kutoka Kiarabu kama -rudi na -fikiri.

3. Kufungua na kuchomoa

Kauli ya kutendua huonyesha kwamba tendo lililokwisha kufanyika linarudishwa nyuma. Kiambishi chake ni -u-, ambacho huwa -o- mzizi unapokuwa na irabu o: funga/fungua, ziba/zibua, lakini chomeka/chomoa. Kiambishi cha asili hiyohiyo kimo katika lugha nyingi za Kibantu, hivyo kijana anayeingia gerejini akiwa na lugha ya nyumbani ya Kibantu hakioni kuwa kigeni.

Hatua za mwanzo za ukarabati zinaifuata kauli hii. Kwanza waya wa betri hufunguliwa, kwa kuwa cheche moja karibu na petroli yatosha kuleta moto. Kisha bomba la hewa na la petroli huchomolewa, waya wa choki hufunguliwa, na nati zinazoishika kabureta hulegezwa. Hapa sarufi ina pengo: kukaza hakuna *kukazua, na lugha hutumia kitenzi kingine kabisa, kulegeza. Si kila tendo lina kinyume kilichonyambuliwa kutokana nalo.

Kabureta ikiwa mezani, mfuniko hufunguliwa. Ugonjwa unaojulikana sana wa Zenith 36 IV huonekana hapo: nyuso za mfuniko na za kipande kibebacho jeti hupinda, na oringi iliyo kati yake hulika. Petroli huvuja ndani kwa ndani, na gari hula mafuta hata jeti zikiwa nzima. Dawa yake ni kutandika msasa laini juu ya kioo bapa, kusugua uso uliopinda hadi unyooke, na kuweka oringi mpya.

4. Kuzibua si kutoboa

Hatua inayofuata ndiyo yenye hatari kubwa. Jeti iliyoziba kwa uchafu huoshwa kwa petroli mahali penye hewa ya kutosha, kisha hupulizwa kwa kompresa. Tendo hilo ni kuzibua: tundu hurudi katika kipimo chake cha awali. Anayetumia waya mgumu huweza kulipanua tundu. Huyo hajazibua, ametoboa.

Kwa umbo, toboa hufanana na zibua na chomoa. Lakini hakuna kitenzi *toba katika matumizi ya leo ambacho toboa inakitendua. Toba tuliyo nayo ni nomino yenye maana nyingine kabisa. Kuzibua huirudisha hali ya kwanza, kutoboa huunda hali mpya. Jeti iliyotobolewa bado ina namba yake ya kiwandani, lakini namba hiyo haisemi kweli tena. Katika Njombe, ambako mchanganyiko tayari umezidiwa na petroli, kosa hilo huongezeka maradufu: petroli isiyoungua huosha oili katika kuta za silinda, nazo pistoni na ringi zake huchakaa. Ufundi na semantiki hukutana katika kitenzi kimoja.

5. Kufunga

Kuunganisha upya hufuata vitenzi vya msingi: kuchomeka, kufunga, kukaza. Skrubu ya mchanganyiko huingizwa taratibu hadi iguse mwisho, kisha hurudishwa nje takriban mzunguko mmoja na nusu. Injini ikishapata joto, skrubu hiyo hurekebishwa hadi injini izunguke kwa kasi zaidi bila kutetemeka, kisha mzunguko hupunguzwa. Mzunguko huo wa injini mguu ukiwa nje ya pedali mafundi wengi nchini huuita sailensi, neno ambalo kwa Kiingereza ni ukimya. Hapa hata jina la mkopo limepewa maana mpya na watumiaji wake.

6. Hitimisho

Magari mapya hayana kabureta, lakini pikipiki nyingi za bodaboda bado zinayo. Msamiati huu una kazi. Linalofuata kwa waundaji wa istilahi ni kwamba kidahizo kabureta kisielezwe kwa sehemu zake tu. Kielezwe pia kwamba huziba, huzibuliwa, hufunguliwa na hufungwa, na kwamba jeti yake haitobolewi. Mwanafunzi wa ufundi aliyekariri majina yote bila kuijua tofauti hiyo ataiharibu injini, ingawa istilahi zake zote ni sanifu.